Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Mume wangu huigusa shokapu ya gari kwa mgongo wa kiganja, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Mimi mkewe sijaguswa hivyo tangu ujana, na nimeshamwambia. Hucheka tu, kisha hurudi chini ya gari lake.

Mtaani wanamwita Mvunguni. Watu wakija kumtafuta hawabishi hodi mlangoni. Huinama kwanza kutazama kama kuna miguu inayotokeza nyuma ya gurudumu. Ni dereva wa gari la kukodi, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, linalokwenda kule ambako magari mengine hugeuzia. Kabla ya safari hulala chali akazipitia springi jani kwa jani, akapapasa bushi za mpira, akakaza nati. Nati ikishakazwa, huipaka mstari mwembamba wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma chake. Nati ikizunguka hata kidogo njiani, mstari unakatika, naye anaona. Hiyo rangi ni rangi yangu ya kucha. Nyekundu. Mikono yangu imekaa mitupu kama ya mtawa, na gari limejipamba kama bibi harusi.

Nikimlalamikia ana jibu moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sababu anayo, na mimi naijua kuliko mtu yeyote. Binti yetu wa pekee nilimzaa kando ya barabara. Springi ilikatika tukiwa tunakimbilia hospitali, na mume wangu alikuwa chini ya gari anaifunga kwa kamba mtoto alipolia. Hakuona chochote. Alisikia tu sauti, akainua kichwa kwa pupa na kujipasua paji la uso kwenye chuma. Kovu lipo mpaka leo. Mtoto tulimpa jina zuri, lakini watu walishamwita Njiani, na jina la watu ndilo lililoshika.

Sasa Njiani naye alikuwa mjamzito. Mkunga wa zahanati alimpapasa tumbo, akapapasa tena. Mtoto amekaa kitako, akasema, na nyonga za mama yake ni nyembamba. Huyu hawezi kuzaliwa zahanati, sembuse njiani. Ni upasuaji, hospitali kubwa, na afike kabla uchungu haujaanza. Mume wa Njiani alikuwa kazini mbali, angetukuta hukohuko. Kumfikisha kulibaki kwetu sisi wawili.

Tangu siku hiyo mume wangu hakula vizuri. Alifunga springi mpya za nyuma, akazikaza, akazipaka rangi, akarudi kuzitazama, akarudi tena. Mimi nilikuwa nafunga na kufungua mfuko uleule wa nguo za mtoto. Nyumba nzima ilikuwa na hofu, ila kila mmoja alijifanya hofu ni ya mwenzake.

Asubuhi ya safari tuliondoka kumekucha. Njiani alilala kiti cha nyuma, mito kila upande, mimi pembeni yake nimemshika magoti. Barabara ya lami iliisha upesi, ikaanza ya mawe na makorongo, na kila gari liliporuka, nilimshika kwa nguvu zaidi.

Kituo cha kwanza mume wangu alishuka, akagusa shokapu zote. Zilikuwa na joto. Shokapu inayofanya kazi hupata joto, huwa ananiambia. Iliyopoa baada ya barabara mbovu ni maiti. Akaingia chini, akatoka, akasema mistari yote imenyooka. Nikashukuru. Lakini uso wake haukushukuru.

Kituo cha pili, vilevile. Mistari imenyooka, uso umekunjamana. Tulipofika juu ya mteremko mkubwa, ule wa mawe ambao ukishauanza huna pa kusimama, akasimamisha gari tena. Hapo nilikuwa nimeshaona binti yangu anauma mdomo.

"Baba Njiani, sasa yatosha!" nikamwambia. "Umekagua, mistari imenyooka, twende!"

Alichukua spana ya magurudumu, akaingia chini, nikamsikia anagonga zile bolti zinazoibana springi kwenye ekseli. Upande wa kulia ziliita, ngli, ngli. Upande wa kushoto mlio ulikuwa mzito, kama mtu anagonga mti mbovu. Akagonga tena, palepale. Akatoka na vumbi usoni.

"Imelegea," akasema kwa sauti ya chini.

"Mbona mstari umenyooka?"

"Nati haijazunguka. Springi ni mpya, Mama Njiani. Majani yake yakishapigwa na mashimo ya barabara yanajibana, yanakaa chini, bolti inabaki na nafasi. Mstari hauwezi kuonyesha hilo. Zinatakiwa zikazwe tena njiani."

"Si uzikaze basi!"

Alitazama pembeni. "Spana yake nimeisahau nyumbani. Nilimpokea Njiani mfuko, nikaiweka kizingitini. Hii ya magurudumu ni kubwa, haishiki."

Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga. Mtu anayetembea na spana hadi msibani! Mwaka mzima nazikanyaga jikoni, nazikuta kwenye kapu la nguo, na siku ya siku ameiacha mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe mbele ya mtoto. Nilimwambia ashuke polepole, ashuke hivyohivyo, maana uchungu haungoji fundi.

"Nikishuka hivi ekseli itasogea na springi itakatika katikati," akasema. "Ndivyo ilivyokatika ile ya siku Njiani anazaliwa. Tusubiri lori. Lori haliwezi kukosa spana."

"Na lisipopita?"

Aliitupa ile spana ya magurudumu chini. Mikono yake ilikuwa haina kazi, na mimi sijawahi kuiona hivyo. Ndipo nilipoogopa kweli. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu mpaka inapokatika, na nyuma yangu binti yangu akaguna, akavuta pumzi kwa meno. Hakuhitaji kuniambia. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Twende!" nikapiga kelele. "Baba Njiani, nakuomba, twende!"

Njiani ndiye aliyenishika mkono. "Mama, mwache," akasema. "Mliwahi kuwa na haraka hapo zamani, ndiyo nikaitwa Njiani. Wangu asiitwe hivyo."

Nikaurudisha mto mgongoni mwake. Tukasubiri. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba kila upepo ulivuma kama injini, na kila nilipogeuka ulikuwa upepo. Mume wangu alisimama katikati ya barabara, mikono juu, kabla hata hajaona chochote.

Lori lilipotokea hakuliachia njia. Dereva wake alishuka anatukana, akachungulia kiti cha nyuma, matusi yakamwishia mdomoni. Akakimbia kwenye sanduku lake la vifaa. Wakaingia chini wote wawili. Nikaisikia ile nati inazunguka, inazunguka bado, nikajua ilivyokuwa imeachia. Walipotoka, yule dereva alimsukumia mume wangu spana mkononi.

"Nenda nayo, mzee. Nenda!"

Mteremko tuliushuka nikiwa nimefumba macho. Springi haikulia.

Hospitalini walimpokea mbio, wakampandisha kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Tulibaki kwenye benchi la korido. Mume wangu alikaa, akainuka, akakaa. Benchi likayumba. Akayumba nalo tena, makusudi, akasikiliza. Kisha akapiga magoti sakafuni na kujipenyeza chini yake na ile spana ya watu.

"Baba Njiani, tafadhali. Hapa ni hospitali."

"Nati ya mguu huu imelegea."

Wauguzi walipita wakitazama miguu yake iliyotokeza. Niliona aibu, kisha aibu ikaniisha. Mikono yake ilikuwa imepata kazi. Nikasogea ukingoni mwa benchi nimpe nafasi.

Ndipo mtoto akalia nyuma ya mlango. Kilio chembamba, cha hasira, kikakatika, kikaanza tena. Niliruka nikashika kichwa. "Mvunguni! Umesikia? Toka! Amezaliwa!"

Hakutoka. Spana ilikuwa imesimama.

"Huyo ni wake," akasema kutoka chini. "Wangu je?"

Nilikaa tena, nikaushika mguu wake, kwa sababu ndio niliouona. Tukakaa hivyo, yeye chini, mimi juu, na yule mtoto analia peke yake, mpaka mlango ukafunguliwa na muuguzi akatoka anavua glovu.

"Ndugu wa mgonjwa? Mtoto wa kiume, mzima. Mama naye mzima, yuko macho, wanamshona. Anaulizia baba yake. Anasema tumtafute chini ya gari."

"Yuko karibu," nikasema.

Nikaweka kiganja kwenye chuma cha benchi, palepale juu ya paji lake la uso, asije akajigonga tena, nikamwambia atoke.