Fundi Sura na Mashine Iliyoganda

Kwa Mama Redio habari haichachi. Aliipata asubuhi, na kabla nguo hazijakauka kambani ua mzima ulikuwa nayo: kompyuta ya Fundi Sura ina wafu ndani. Akifungua picha ya mtu aliye hai, inafanya kazi. Akifungua ya marehemu, kioo kinaganda, kinakuwa cheusi tii, basi tena.

"Wafu wengine hawataki kuamshwa," alisema huku akikamua shuka, "na wenye picha wanajijua."

Mama Kichanga alikuwa hapo hapo, mtoto mgongoni, anaanika nepi. Picha ya marehemu mama yake ilikuwa kwa Fundi Sura tangu mimba ingali changa, na sasa mtoto anakaa mwenyewe. Ndiyo picha pekee iliyobaki, nayo mkunjo ulikuwa umekula uso kuanzia jichoni mpaka kidevuni. Mama alifariki yeye akiwa mdogo; sauti anaikumbuka, lakini uso umeanza kumtoka. Alitaka mwanawe aje amjue bibi yake. Kila akiulizia, jibu lilikuwa moja: mashine imeganda. Sasa neno la Mama Redio likamkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Huenda mama ndiye asiyetaka.

Mchana akaenda kubisha hodi.

Fundi Sura alikuwa mzee mjane, anaishi katika chumba kilicho chini ya ngazi. Kazi yake kuwarudishia watu nyuso zilizofifia: kuziba nyufa, kuotesha nyusi, kufuta madoa ya maji. Kuta zilijaa jamaa za watu wengine.

"Pita, mwanangu. Usiwaogope hao ukutani, hawaumi."

Kijana mmoja, fundi wa kompyuta, alikuwa amepiga magoti, kasha la mashine limefunguliwa ubavuni, anatoa vumbi kwenye feni kwa brashi. Mama Kichanga akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli habari za wafu. Kijana hakumcheka. Alimweleza kwamba picha za marehemu ndizo za zamani, zina viraka juu ya viraka, kwa hiyo ni nzito. Zikifunguliwa, kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye kioo, inabeba mzigo wake wote. Na ile programu inayoiendesha kadi, wao wanaiita dereva, ilikuwa imejibadilisha yenyewe kupitia mtandao, ikaja mpya isiyopatana na kadi kuukuu.

"Kumbe nimekaa na dereva mlevi," Fundi Sura akasema.

Kijana akaiwasha mashine kwa njia ya dharura, maandishi yakatokea makubwa kama ya watoto wa chekechea. Akamng'oa dereva mpya na mizizi yake, akamrudisha wa zamani, akafunga njia asije akajibadilisha tena. Kisha akafungua picha ya mama, akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Haikuganda. Mama Kichanga akashusha pumzi. Mama hakukataa.

Kijana alipoondoka, Fundi Sura alivuta kiti, uso ukakaribia kugusa kioo. Akashika mausi. Akasema imeganda tena, si alisema? Aende tu, atamwita.

Mama Kichanga akatazama. Saa pembeni mwa kioo ilibadilika dakika. Kishale kilikuwa kinatembea, kinafuata mkono wa mzee, kinapita kwenye paji la uso la mama, kinapotelea kwenye kitambaa cha kichwa, kinarudi. Mzee alikuwa anakitafuta mahali kisipokuwepo. Ndipo alipoziona tena ukutani zile picha ambazo mzee alizitengeneza karibuni: unyusi mmoja umepanda kuliko mwenzake, mdomo umehama kidogo. Alikuwa ameziona siku zote, akadhani ndivyo watu wale walivyoumbwa.

Angeweza kuaga akaenda zake.

"Baba," akasema taratibu, "kishale kinatembea."

Mkono ukasimama. Nje Mama Redio alikuwa anacheka na mtu. Fundi Sura hakugeuka, na Mama Kichanga akajuta kufungua kinywa.

"Mwanzoni iliganda kweli," mzee akasema mwishowe. "Nikashukuru. Nikapata la kuwaambia watu." Akapangusa macho kwa ncha ya shati, kama mtu anayefuta miwani. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka. Mashine imepona, sasa ataisingizia nini?

Mtoto akalalamika mgongoni. Mama Kichanga akamtikisa polepole, macho kwenye ule uso uliopasuka katikati.

"Usimwambie Mama Redio," mzee akasema. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu, karibu na kiti chake. "Keti, mwanangu. Mkono bado ninao. Wewe niambie tu shavu la mama yako linaanzia wapi."