Fomu ya Banda la Nne

Nyapara wa banda la nne alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye nyanya, na mikono yake ilijua kila kitu. Mpe mche uliojipinda vipi, ataurudisha kwenye kamba yake huku akipiga miayo. Shida ni kwamba walipompandisha cheo, walipandisha mikono tu. Mdomo waliuacha kulekule chini. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumfundisha mtu. Basi akawafanyia wenzake alivyofanyiwa yeye: akapiga kelele. Wakambatiza Mama King'ora, naye alijua, akajifanya hajui.

Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa banda, akamwaga maagizo kama mtu anayewamwagia kuku mahindi, kisha akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mama," wakajibu wote kumi na wanne.

Akaridhika. Mtu mzima akikuambia ameelewa, utampasua kichwa uchungulie?

Jumatatu moja akaikuta safu ya saba imekatwa vichwa. Si mche mmoja wala miwili: safu nzima, miche mia mbili na kumi. Machipukizi ya pembeni hutolewa ili mche usijitawanye ovyo, na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameiagiza. Lakini karibu na kilele huwa kuna chipukizi moja nene, linafanana na kilele chenyewe kama pacha. Asiyeonyeshwa lipi ni lipi atakata yote mawili ili asigombezwe kwa kubakiza. Na mche wa nyanya usio na kilele huivisha matunda uliyo nayo, basi, habari yake imeisha. Nyapara aliokota ncha moja iliyokwisha kunyauka. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nani?"

Akajitokeza mwanamke waliyemwita Mpole, mama wa watoto watatu, mwezi wake wa kwanza kazini. "Ni mimi, mama."

"Kama ulikuwa hujui, mbona hukuuliza?"

Mpole aliangalia viatu vyake. "Wiki ya kwanza niliuliza, mama. Ukaniambia kama sina macho nirudi nyumbani nikalale."

Nyapara akaitupa chini ile ncha. Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka hata jinsi wenzake walivyoangua kicheko, na jinsi yeye alivyokifurahia kicheko kile.

Saa nne aliitwa ofisini. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alipenda karatasi kuliko watu. Mbele yake palikuwa na barua ya kumfukuza Mpole, na pembeni ya barua hiyo fomu iliyokunjwa mara mbili. Nyapara aliitambua kabla haijakunjuliwa. Wiki mbili nyuma manyapara wote walitakiwa kuandika wafanyakazi wao wanahitaji mafunzo gani: kuelekezana kazi, kusikilizana, kuuliza pasipoeleweka, kuripoti kosa mapema, na mengineyo. Mistari sita. Na kwenye kila mstari, kwa mwandiko wake mkubwa uliolalia kushoto, neno lilikuwa moja: hamna.

"Hamna, hamna, hamna," meneja akasoma, kidole kikishuka. "Kwa hiyo watu wako kazi wanaijua. Anayeijua kazi akaharibu safu nzima, huo ni uzembe. Na uzembe dawa yake ni hii barua. Weka sahihi hapa, mama, twende na mengine."

Alipoiandika fomu ile alikuwa na kiburi chake. Alijiambia, nikiandika kwamba hawajui, si wataniuliza mimi nilikuwa nafanya nini? Aliilinda heshima yake kwa kalamu, na sasa kalamu ileile ilikuwa inataka kuwanyima watoto watatu chakula. Alijichukia. Akamchukia na meneja, na fomu, na yeyote aliyebuni mistari ile sita bila kuacha wa saba wa nyapara mwenyewe.

"Si uzembe," akasema. "Sikumwonyesha."

"Lakini umeandika hapa..."

"Niliandika uongo, bosi."

Meneja akavua miwani. "Fikiri kwanza. Kama hukuwafundisha, cheo hicho nitakuachia kwa lipi?"

Akafikiri. Alilipenda lile koti jeupe la unyapara, tusidanganyane. Alipenda mumewe anavyomtania jikoni, "Karibu, mkubwa wa kazi." Kisha akavuta fomu, akalikata lile hamna la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Nyapara hajui kuulizwa swali.

Meneja akasoma mara mbili. "Kozi kama hiyo hatuna."

"Ndiyo maana vichwa vimekatwa," akajibu, akatoka.

Mpole akabaki kazini. Koti jeupe likavaliwa na mwanamume kutoka banda la pili, kifua kipana, sauti ya tarumbeta. Mafunzo hayakuja, wala hakuna aliyeyataja tena.

Asubuhi yake ya kwanza, nyapara mpya alisimama palepale mlangoni, akamwaga maagizo: machipukizi, safu ya nane hadi ya kumi na mbili, haraka haraka. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, bosi!"

Mama King'ora, sasa katikati ya wenzake na ovaroli lake la zamani, akamtupia jicho Mpole. Naye alikuwa anaitikia kwa kichwa kama wengine, huku vidole vikikipapasa kisu. Mama King'ora akahisi roho inamuuma. Akanyoosha mkono.

"Mimi sijaelewa. Hebu tuonyeshe kwenye mche."

Banda zima likageuka. "Wewe?" nyapara mpya akacheka. "Miaka kumi na tisa kwenye nyanya, leo hujui chipukizi?"

Wengine wakacheka pia. Kicheko kilekile.

"Sijaelewa," akarudia, na mkono hakuushusha.