Itega ya Damu

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Lakini wanawake wa kwetu Mweiga nitawasifu mpaka nizikwe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Binti yangu alijifungua salama, mtoto analia vizuri, kisha damu ikakataa kukatika. Wakamlaza hospitali ya Nyeri. Daktari kijana aliyesomea mambo ya damu akaniambia, "Mama, chembe za kugandisha damu anazo za kutosha, ila hazisikii. Kalsiamu ndani yazo haipandi inavyotakiwa."

Kilichofika kijijini ni neno moja: kalsiamu.

Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake humletea itega: kuni, uji, chochote walicho nacho. Wakaja wodini na mitungi ya maziwa na supu ya mifupa.

"Kalsiamu ni maziwa," jirani yangu akamwambia daktari. "Hata mtoto wa nasari anajua."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Mwanangu, tueleze kwanza, utacheka baadaye."

Akaona haya. "Lori ya chakula cha ng'ombe ikipiga honi kwa geti, mnafanya nini?"

"Tunafungua, magunia yanaingia."

"Basi kalsiamu ikipanda ndani ya chembe, hiyo ndiyo honi. Kazi ya kugandisha inaanza, na milango ya kuingiza asidi amino, vile vipande vya protini, inapata habari. Hiyo milango ndiyo magunia yanapitia. Chembe za huyu mama honi yake ni hafifu. Mkimnywesha maziwa, mnaongeza lori mafuta. Honi inabaki vile vile."

"Sasa dawa ni nini?"

"Chembe kutoka damu ya mtu mwingine, zinazosikia."

Damu kwetu haitolewi hivi hivi. Wengine waliamini ukiitoa hairudi. Binti yangu alikuwa amelala pale, midomo myeupe kama unga.

Jirani yangu akaweka mtungi chini, akakunja mkono wa sweta. "Itega ni itega. Nitoe wapi?"

"Yako itakuwa na ugoro ndani," mwingine akamtania.

"Afadhali yangu ina ugoro. Yako iko na umbea, mtoto wa watu ataamka akisengenya!"

Wakacheka, wakapanga foleni. Waliofaa wakatolewa damu, mgonjwa akaongezewa chembe zao. Damu ya binti yangu ikakatika.

Na yale maziwa hayakupotea. Waliotoa damu waliyanywa pale pale kwenye benchi, mimi nikiwamiminia.