Rodah, fundi anayesikiliza saa kwa meno

Mvua ya alasiri inapiga mabati ya soko la Mogogosiek, na wanaokaa meza moja wanalazimika kupaza sauti. Rodah Chepkosgei hapazi sauti. Ameuma mpini wa bisibisi ndogo, ncha yake ameigusisha mgongo wa saa ya mkono, na macho ameyafumba.

"Masikio ni ya asubuhi," anasema akiutoa mpini kinywani. "Mvua ikianza, nasikiliza na meno. Meno haisikii mvua."

Ujanja huo alifundishwa na mumewe, Johana Kiptum, aliyetengeneza saa katika kibanda hiki kwa miaka kumi na minane. Huku kwenye majani chai mvua hunyesha karibu kila mchana, na fundi anayengoja ikatike huenda nyumbani bila kufanya kazi. Johana alifariki mwaka jana, 1995, kwa homa ya mapafu.

Rodah alikuwa akikaa kando yake, akibadilisha mikanda na betri. Baada ya mazishi alifungua kibanda akakuta kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na saa iliyofunguliwa, vipande vyake vimefunikwa kwa glasi ya chai vumbi lisiingie.

"Alikuwa amesema atarudi baada ya kunywa dawa," anasema Rodah.

Saa hiyo ni ya Mwalimu Arasa, anayefundisha karibu na Chepilat na kupima muda katika mashindano ya mbio za shule. Si saa ya kawaida. Saa nyingi za kujaza kwa mkono, zisizo na betri, hupiga mara tano kwa sekunde moja. Hii hupiga mara kumi, yaani mara elfu thelathini na sita kwa saa moja. Ukiiweka sikioni husikii tik-tak, unasikia kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti.

Kwa nini mtu atake saa inayopiga mbio namna hiyo? Rodah hujibu kwa baiskeli.

"Baiskeli ikienda polepole inayumba. Jiwe kidogo tu, imekuangusha. Ikikaza mwendo inanyooka, hata ikigonga jiwe haisikii. Hii saa ni hivyo. Mkono ukiitikisa, haipotezi njia."

Johana alimwahidi mwalimu kwamba saa itarudi ikiwa haikosei zaidi ya sekunde tano kwa siku. Aliahidi mbele ya watu, hapa sokoni, huku akicheka. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya Rodah akatae kuirudisha ikiwa vipande.

"Fundi aliye hai akishindwa, anaweza kujitetea," anasema. "Aliyekufa watasema alikuwa mwongo. Atajibu nini?"

Mwezi wa tano mwaka huu mwalimu alikuja kuulizia. Mbio za shule za tarafa zilikuwa zimekaribia.

"Mama Chemutai, mimi sikusukumi," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye. "Lakini kama hii kitu imekushinda, nipatie niipeleke Nairobi. Si aibu."

"Umewahi kuniona nimeshindwa, Mwalimu?"

"Na hii saa ya mbio, ndiyo."

"Basi ngoja."

Jirani yake Ephantus Chege, anayeuza redio na saa mpya za betri, alisikia yote kutoka kibanda cha pili. "Mama, tupa hiyo!" alimpigia kelele. "Ya betri ni shilingi mia na hamsini, na haikuli usingizi. Mpaka wewe uzeeke hiyo nyuki itakuwa inakusumbua!"

Saa hizo za Chege ndizo zilizopunguza kazi ya mafundi. Rodah anasema siku njema hupata shilingi mia mbili, nyingi zikiwa za betri na mikanda. Wakulima wakilipwa bonasi ya chai hupata zaidi. Wiki nyingine hupata nauli tu. Hata hivyo hamchukii Chege, kwa sababu redio yake ndiyo kipimo chake. Kila taarifa ya habari ikikaribia, Chege huongeza sauti, na ile milio ya kutangaza saa ikipigwa, Rodah huikazia macho mshale wa sekunde.

Mara ya kwanza alipoiunganisha saa ya mwalimu, ilitembea vizuri siku chache, kisha ikaanza kuchelewa. Aliifungua, akaisafisha kwa petroli, akaiunganisha tena. Ikachelewa tena.

Kosa lilikuwa la mafundi wote wa masoko haya: mafuta ya cherehani. Saa za kawaida huyavumilia. Rodah alipotazama kwa lenzi aliona gurudumu dogo lenye meno limekauka, na mafuta yametapakaa pembeni, kama tope linavyorushwa mgongoni na gurudumu la baiskeli.

Hapo ndipo alipokumbuka koti.

Johana alikuwa na kichupa cha mafuta mazito ambacho hakikukaa mezani kamwe. Alikiweka katika mfuko wa ndani wa koti, kifuani. "Mimi nilidhani anaogopa wezi," anasema Rodah. "Kumbe ni baridi ya asubuhi. Hayo mafuta yakipata baridi yanaganda, hayashiki ncha ya sindano. Alikuwa anayapasha moto na mwili wake."

Lakini nguo za marehemu zilikuwa zimegawiwa ndugu zake, kama ilivyo desturi ya ukoo. Koti lilimwendea shemeji yake Kipkurui, mchuuzi wa ng'ombe kule Mulot. Rodah alituma ujumbe. Kipkurui alifika Jumamosi, koti mwilini.

"Chamgei, shemeji," alisalimu.

"Chamgei. Vua koti."

"Ai! Hata chai sijapewa? Hii koti mlinipa wenyewe mbele ya wazee."

"Koti ni yako. Mimi nataka kile kilikuwa mfukoni."

Kipkurui alijikuna kichwa. "Kile kichupa kama cha dawa ya macho? Si nilipaka kwa kufuli ya boma. Shemeji, hiyo kufuli sasa inafunguka hata ukiiangalia tu!"

"Uliyamaliza?"

"Kufuli ni kubwa," alijibu kwa sauti ya chini, akitoa kichupa.

Rodah alikiinua kwenye mwanga. Chini kabisa palikuwa na tone, dogo kama jicho la kifaranga.

"Inatosha," alisema. "Saa haili kama ng'ombe zako."

Alikipasha kifuani mwake kwanza. Kisha akagusisha ncha ya sindano kwenye vijiwe viwili vyekundu vinavyosukumana na lile gurudumu lenye meno, na saa ikaanza.

Wiki hii mwalimu alirudi. Saa ilikuwa haikosei zaidi ya sekunde nne kwa siku. Alinyoosha mkono aichukue, Rodah akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo ni ikilala mezani, Mwalimu. Wewe huwa unaishika wima, hivi. Ikiwa wima bado inachelewa kidogo. Uje Ijumaa."

"Mama, mbio ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana nimesema Ijumaa."

Rodah ameagiza kichupa kipya kutoka Nairobi, na amekishonea mfuko ndani ya sweta yake, upande wa kushoto. Anataka mafundi wa hapa waache kutia mafuta ya cherehani kwenye saa za watu, na yuko tayari kumwonyesha yeyote atakayekuja kukaa kando yake.

Lakini kwanza ni Jumamosi. Anapanga kufunga kibanda, aende asimame karibu na kamba ya kumalizia, aisikie saa ya Johana ikifanya kazi.

Chege anamcheka. "Utasikia nini, Mama? Shule zote zitakuwa zinapiga nduru!"

Rodah anaifuta bisibisi kwa kitambaa na kuitia mfukoni.

"Nitaenda nayo," anasema.