Tangazo la Msiba Lenye Ramani

Wakwe zangu walikuwa wakiishi kwetu, na baba mkwe alipofariki, mdogo wa mume wangu ndiye aliyeandika tangazo. Shemeji yangu huyo ana mkono mwepesi kwenye simu. Aliweka picha ya marehemu, akaandika kuwa maziko ni baada ya alasiri na kwamba msiba uko Chumbageni, nyumbani kwa mwanawe mkubwa, "afande wa upelelezi anayekamata magendo ya pwani ya Moa." Akaongeza jina kamili la kaka yake, namba ya simu, rangi ya geti na ramani ya kubofya. Sifa zilimzidi.

Kabla maiti haijaoshwa, ukurasa mmoja wa habari za mji ulikuwa umeshalibeba zima zima.

Mtaani tulijulikana kuwa watu wa serikalini, basi. Mume wangu hakutoka nyumbani na sare hata siku moja, na wanangu nimewafundisha wakiulizwa kazi ya baba waseme yuko ofisini. Miaka yote hiyo ya kujibanza, shemeji aliifuta kwa kidole gumba.

"Lifute," nikamwambia.

"Shemeji, tangazo la msiba unalifutaje? Watu watasema tumeficha maiti!"

Nilitamani kumchapa kandambili.

Watu wakaja. Msibani humuulizi mtu ametoka wapi. Anayefika anapewa mkono, anakalishwa, analetewa wali. Ndiyo desturi yetu, na siku ile niliichukia. Nilisimama nyuma ya pazia nikiwachambua wanaume waliokaa chini ya turubai. Huyu kwa nini anapiga picha? Yule mbona haitikii dua? Mmoja mwenye shati la kijivu alikula, akanawa, akautazama ukuta wetu kuanzia chini hadi juu kama fundi anayetaka kutaja bei. Kisha akaja mpaka mlangoni.

"Pole, shemeji," akaniambia. "Kumbe ndipo hapa anapokaa afande."

Wangapi walikuwa wameshayasema maneno hayo siku ile? Lakini yake yalinipa baridi. Nilipomwita mume wangu, mtu hakuwepo tena. Shemeji alidhani ni wa upande wangu, nami nilidhani ni wa upande wao.

Ikaja zamu ya simu. Namba ngeni zinampigia mume wangu, akipokea zinakatwa. Baada ya hitima akasema tuhamie mtaa wa Usagara, na tusimwambie mtu. Nikaanza kufunga vyombo siku hiyohiyo.

Tatizo likawa mama mkwe. Alikuwa ameingia eda, na mjane hukaa eda katika nyumba aliyofiwa, miezi minne na siku kumi. Tulipomweleza khofu yetu alicheka.

"Namuogopa nani mie? Waliokuja kumsomea mume wangu? Nyinyi nendeni. Mie nimeachwa hapa, namalizia hapa."

Kumwacha peke yake hatukuweza, na mimi kukaa nilikuwa siwezi. Hata jirani aliyeleta uji nilimtilia shaka: mbona leo anauliza mume wangu anarudi saa ngapi? Nikaanza kumkasirikia mama, Mungu anisamehe. Nilimwona anashikilia chumba huku sisi tunashikilia roho.

Mume wangu akamwita sheikh. Sheikh alikaa sebuleni, mama akawa chumbani nyuma ya pazia, nami kando yake, binti yangu mdogo mapajani. Sheikh akasema mjane anaruhusiwa kuhama akiikhofia nafsi yake, ila khofu hiyo aiseme mwenyewe, asisemewe.

"Mama, unaogopa?" sheikh akamuuliza.

Nje pikipiki ilipunguza mwendo, ikasimama getini. Bila kujijua nikamfunika binti yangu kichwa kwa mikono yote miwili. Mama aliniona. Akakitazama kitanda alichofia mumewe, kisha akanitazama mimi.

"Naogopa, sheikh," akasema, kwa sauti isiyo na khofu hata chembe.