Beberu wa Dada Yangu Kaluki

Ukitaka kumjua dada yangu Kaluki wa Kambu, usimuulize habari za mwanawe. Muulize habari za Inspekta, beberu wake. Musyoka, mtoto wake wa pekee, alikuwa anapakuliwa baada ya huyo mnyama kushiba, na mimi jambo hilo lilinikera sana. Lakini Kaluki anaambiwa na nani?

Mwaka wa tisini na saba Musyoka akampenda Mbinya, binti ya shemasi Ndeti, ng'ambo ya barabara ya Mombasa. Kwetu Ukambani, kama mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, hawajaingia kwao, msichana si wako hata mkizaa timu ya mpira. Kaluki akatenga majike wawili na, kwa shingo upande, Inspekta. Mara ugonjwa ukaingia, mbuzi wakafura matumbo na kufa ovyo. Hao watatu walipona, ila walibaki mbavu tupu.

Ndeti alipoelezwa akacheka. "Mama Musyoka, mifupa sipokei. Na huyo beberu usimlete hapa na vidudu vyake. Mbuzi wangu hawajui hata lami iko wapi!"

Dada yangu alilia. Musyoka naye akaacha kula.

Ndipo akaja Daktari Wahome, mtafiti wa mifugo kutoka kituo cha Kiboko. Alimwingizia Inspekta mpira kooni mpaka tumboni, akavuta maji ya kijani, na Inspekta akamcheulia shati lote.

"Daktari, hiyo supu unampelekea nani?" Kaluki akauliza.

Wahome akatueleza kwamba humo mna bakteria, na maabara watasoma vinasaba vyake na kupanga protini zake kwa mistari, wajue ni ipi inayoua. Kaluki akamwambia ajaribu siku moja tumbo la mtu aliyekula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ataona mistari.

Wahome akapima mbuzi wa kila boma. Aliporudi na dawa, alituita kwa Ndeti pamoja na mifugo yetu.

"Kila boma bakteria zake zina tofauti kidogo," akasema. "Isipokuwa za Inspekta na za mbuzi wa Mzee Ndeti. Hizo ni zile zile, protini kwa protini. Hawa mbuzi wamekaa pamoja."

"Haiwezekani!" Ndeti akaruka. "Mbele ya Mungu, huyu mnyama simjui!"

Inspekta akakatiza maneno. Alijichomoa kwenye kamba, akazunguka nyuma ya ghala, akafungua zizi kwa pembe kama mwenye nyumba. Majike wakampokea kwa kelele. Wuui! Nilicheka mpaka leso ikadondoka.

Ikabidi Musyoka aseme. Kila Jumatano, Kaluki akienda mkutano wa akina mama kanisani, Ndeti alikuwa anamtuma amletee Inspekta kisirisiri, apande majike wake. Na nani angemkatalia baba mkwe?

"Baba Mbinya," Kaluki akasema, mikono kiunoni, "beberu wangu ameingia hapa akalala mpaka akazoea. Ntheo umepokea zamani. Nipe msichana."

Ndeti akajifuta jasho. "Sawa, Mama Musyoka. Mchukue Mbinya. Lakini kama ni ntheo, basi Inspekta abaki kwangu."

Kaluki akamtazama Inspekta, akamtazama Musyoka, akarudi kwa Inspekta. Jamani, alifikiri! Alifikiri mpaka kijana wa watu akaanza kulia kwa sauti.

"Haya," akasema mwishowe. "Lakini Jumatano atakuwa anakuja nyumbani."