Shule ya Maajabu Iliyokosa Mwanafunzi

Mimi ni mwalimu, na jioni huandika hadithi za watoto. Mwaka huu nilitaka kuandika ya shule ya maajabu, kwa kuwa wanafunzi wangu wanazipenda, nami nimechoka kuwasomea zile ambazo ndani yake shule lazima iwe ngome ya mawe yenye minara. Huku kwetu Kiptere mnara ni wa simu. Basi shule yangu nikaiweka ndani ya kiwanda cha chai. Mwanafunzi anapita chumba cha kunyaushia majani, anaingia kwenye mvuke, na akitokea upande wa pili yuko darasani. Nasema maajabu, sisemi uchawi. Ningesema uchawi, akina mama wa kanisa wangekuwa mlangoni kwangu kabla ya chakula cha mchana, tayari kuniombea.

Hakimu wangu ni binti yangu, na hana huruma. Jumamosi asubuhi tunachuma chai pamoja, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, nami namsimulia. Nikidanganya mahali, ananyamaza hadi nirekebishe. Mwaka huu alitakiwa kuingia gredi ya saba katika shule ya bweni upande wa Merigi. Alikuwa ameitamani kwa sababu ya vitabu hivyo hivyo vya shule za maajabu: vitanda vya ghorofa, marafiki wa siri, milango inayofunguka yenyewe. Nafasi alitafutiwa na baba yake. Desemba iliyopita, baba yake akaanguka akiwa kwenye foleni ya kupimisha majani ya chai, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwetu sisi Wakipsigis mjane hapigi mayowe. Wanawake wazima walinikalisha katikati yao, mmoja akanishika mkono, na kila mdomo wangu ulipoanza kutetemeka alinifinya kidogo nijikaze. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao. Nikajikaza, tena vizuri mno. Jirani yetu, mama Mkisii anayechuma chai kwenye shamba la kampuni, alikuja akilia tangu barabarani, akajitupa chini karibu na jeneza kama wafanyavyo kwao. Shangazi zangu walitazamana. Mimi nilimtazama nikiwaza kwamba sketi yake itachafuka. Hakuna kingine nilichowaza siku hiyo.

Tangu hapo nimekuwa hivyo. Huzuni ningeitambua, si mgeni kwangu. Hii ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila imeshika mwili mzima. Ng'ombe nakamua, chai nachuma, darasani naingia. Watu wananisifu kwamba nimekuwa jasiri. Inaniudhi, lakini hata kule kuudhika nakusikia kwa mbali.

Likizo ilipokaribia kwisha, binti yangu alisema haendi bweni. Hakutoa sababu, nami nikasema sawa, nikaendelea kumenya viazi. Mjomba wake ndiye aliyegomba. Alitukumbusha kwamba asiporipoti Jumatatu nafasi itapewa mtoto mwingine, na kwamba marehemu alihangaika sana kuipata. Sote wawili tulimsikiliza kwa heshima, tukamwongezea chai.

Wakati huo hadithi yangu nayo ilikuwa imekwama. Mtoto wangu wa hadithi alikuwa bado nyumbani kwao, kwa sababu hakimu alikataa aondoke. Niliupanua mlango wa kiwanda, akakataa. Nikamtuma tai amchukue, akasema tai ni uongo. Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, tukiwa katikati ya michai, nilimuuliza kinachomzuia huyo mtoto ni nini hasa.

"Ni mamake," akasema, mikono yake ikiendelea kuchuma. "Ako tu hapo nyumbani, haongei. Mtoto akienda, nani atamwangalia?"

Nikamweleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba katika hadithi za namna hii mama hasumbui, kwani mara nyingi huwa amekufa kabla ya ukurasa wa kwanza, ndiyo maana watoto huweza kwenda. Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Yeye alirusha majani kikapuni bila kugeuka.

"Huyu hajakufa," akasema. "Hiyo ndio shida."

Nilimuuliza mama huyo afanye nini ili mtoto aende. Alifikiria hadi tukafika mwisho wa mstari.

"Alie. Hata kidogo tu, kama yule mama jirani. Mtoto akiona amelia, atajua mamake bado ako ndani."

Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyuma ya zizi, nikakalia kigoda cha kukamulia, nikajaribu. Nilimfikiria mume wangu kwa makusudi. Nilifikiria kikohozi chake cha asubuhi, gambuti zake za shambani zilizobaki barazani, na jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani bila aibu. Nilingoja. Ng'ombe alinitazama, nami nikamtazama. Macho yangu yalibaki makavu kabisa, na nikaogopa, kwa sababu nilitaka kulia kweli.

Nikarudi ndani, nikafungua kompyuta. Niliandika kwamba mama yule alilia, machozi yakamlowesha kitenge, na mtoto wake akabeba sanduku, akaingia kwenye mvuke bila kugeuka nyuma. Ilikuwa sehemu nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikamwita binti yangu. Alisoma akiwa amesimama, akarudia tena toka mwanzo, kisha akanitazama usoni kwa muda, akichunguza.

"Ni poa, mama," akasema taratibu. "Lakini hiyo umeandika tu."

Jumatatu alivaa sare ya shule yetu ya hapa, akanifunga vifungo vya sweta, akanishika mkono, tukaenda.